Kidumu Ambacho Hakikurudi Rusimbi

Habari ilinifikia Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa barazani namenya nanasi ambalo, kwa ninavyojijua, nilikuwa njiani kuliharibu. Aliyepiga simu ni mama mmoja wa Rusimbi, mtengenezaji wa urwarwa, ile pombe ya ndizi mbivu ambayo Waha na jirani zao Warundi wameikuta kwa babu zao. Mama huyu simu yake fupi huchukua nusu saa, kwanza akuulizie mkeo, halafu magoti yako, halafu mvua. Siku hiyo hakuuliza kitu. "Mwandishi," akasema, "Mzee wa Pua ametutoka. Wanamzika leo baada ya alasiri, Ujiji. Uvae vizuri." Akakata. Nilibaki na kisu mkononi, maji ya nanasi yakinitiririka mpaka kwenye kiwiko, na jambo la kwanza nililofanya, wasomaji wangu mnisamehe, ni kuliinua lile nanasi nikalinusa. Sijui nilikuwa natafuta nini. Nilisikia harufu ya nanasi, basi, na machozi yakanitoka hapo hapo, kabla sijamwita mke wangu.

Makaburini tulikwenda wawili, mimi na fundi cherehani mmoja anayeshonea Mwanga. Mama wa Rusimbi alibaki nyumbani kwa marehemu pamoja na wanawake wenzake, kitenge kichwani, akimenya viazi vya wafiwa. Sisi wawili tulisimama nyuma ya watu kwa sababu hatukujua mahali petu ni wapi. Tulipomaliza kutia udongo, mzee mmoja wa mtaa ule, mtu mpole, alinishika bega akaniuliza, "Ndugu zetu, nyie na marehemu mlijuana vipi?" Fundi akaanza kuvitazama viatu vyake. Mimi, ninayekula kwa maneno, nikajibu haraka, "Kwenye biashara ya mawese." Yule mzee akatushukuru kwa kuja, akatuombea baraka. Maishani mwangu sijawahi kuuza mawese hata kijiko kimoja. Nilidanganya juu ya kaburi bichi la mtu niliyempenda, na nilirudi nyumbani nikijiona mdogo kuliko viatu vya fundi.

Siku ya nne baada ya mazishi, binti wa marehemu alikuja kwangu. Nilimjua kwa sura tu. Ndiye aliyemtunza baba yake tangu mama yake afariki, na ndiye, alivyonieleza mwenyewe, aliyekuwa akimsomea safu hii kila inapotoka, kwa kuwa macho ya mzee yalikuwa yamechoka. Mkononi alikuwa na kidumu cha njano cha lita tano, kimezibwa kwa gunzi la muhindi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Karibu ukae."

Hakukaa. "Hiki nimekikuta uvunguni mwa kitanda chake," akasema. "Kimebandikwa karatasi, imeandikwa Rusimbi. Nimekinusa. Kinanuka pombe." Akakigeuza niione karatasi. "Mtaani walikuwa wakisema tangu zamani kwamba Jumamosi anakwenda kwa walevi wa Bangwe, na mimi nilikuwa nawagombeza. Sasa nakuuliza wewe, maana yeye alikuamini. Baba alikuwa anakunywa?"

Nikamjibu kwamba baba yake alikuwa mtu mwema sana, mtu wa watu, mwenye busara zake. Nikaendelea hivyo kwa kitambo. Aliningoja nimalize. "Sikuuliza kama alikuwa mwema," akasema, bila ukali wowote. Akakiweka kidumu chini, karibu na ukuta, akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Nimekaa na kidumu hicho wiki nzima. Jibu ninalo, lakini si la neno moja, na ndani yake mna siri mbili za marehemu ambazo haziwezi kulindwa zote mbili. Ukiificha moja, unaiharibu nyingine. Ndiyo maana leo nimeacha mambo mengine yote niliyokusudia kuyaandika.

Kikao chetu hakina jina wala katiba. Hukutana Jumamosi baada ya alasiri nyuma ya nyumba ya yule fundi, Bangwe, mahali ambapo ardhi inateremka taratibu hadi majini, na milima ya Kongo huonekana ng'ambo siku zisizo na ukungu. Kila mmoja huja na chupa ya kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, au alichokipata kwa mtengenezaji wa mbali, tukaonja na kubishana. Fundi hutengeneza wanzuki kwa asali ya Kibondo, na huinadi kama mtu anayeozesha binti wa pekee. Mama huleta urwarwa. Mimi huleta mvinyo wangu wa nanasi, ambao wenzangu kwa heshima zao huuita dawa ya kachumbari. Vikombe vyetu ni vile vya kahawa, vidogo visivyo na mkono, na katika saa mbili mtu hunywa vitatu au vinne, zaidi ya hapo anakuwa anajibu hoja. Msomaji anayetuwazia ulevi simlaumu, maana hata mke wangu alianza hivyo. Lakini angekuja mara moja tu, akaona jua likishuka juu ya maji, harufu ya dagaa wanaoanikwa ikipanda polepole kutoka ufukweni, na watu wazima wamenyamaza, kila mmoja amefumba macho, anatafuta ndani ya funda moja kitu alichowahi kukijua zamani, nadhani angekaa.

Sharti letu ni moja, na lililetwa na mama wa Rusimbi: anayemimina ndiye anayeonja kwanza. Wengi huliita kuondoa uchawi, na majumbani watu hufanya kwa mzaha, wanacheka. Kwake si mzaha. Mjomba wake alikunywa kwenye sherehe, huko Burundi walikotoka, hakufika nyumbani, na mpaka leo hakuna anayejua ndani ya kikombe mlikuwa na nini. Tangu utotoni amefunzwa asiguse kinywaji ambacho mtoaji hajakigusa. "Mimi sikushuku," humwambia kila mgeni, kwa uso wa tabasamu kabisa, "lakini kunywa kwanza."

Marehemu hakualikwa kwenye kikao. Aliletwa na upepo. Jumamosi moja, miaka mingi iliyopita, tulisikia sauti ng'ambo ya ua wa minyaa ikisema, "Samahanini. Hizo ndizi zilivundikwa kwa majani mabichi. Moshi umeingia upande mmoja tu wa shimo." Tukageuka. Alikuwa mzee mwembamba, kanzu safi, kofia, na mfuko wa kitambaa begani. Mama wa Rusimbi alisimama, mikono kiunoni.

"Wewe nani unayesema pombe yangu?"

"Mpita njia, mama. Naelekea kwa shemeji yangu."

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Ego, ni kweli! Majani makavu yaliniishia. Yoo, njoo ukae, mzee, njoo ukae."

Akaingia, akakalishwa, akapewa kikombe, naye akakishika kwa mikono miwili bila kukipeleka mdomoni. Alichotuambia siku ile nakikumbuka neno kwa neno, kwa sababu baadaye nilikuwa nakirudia kwa wageni: "Mimi sinywi, wala sitakunywa. Niko chini ya dini yangu, na juu ya hapo nilimwahidi mama yangu akiwa kitandani. Lakini mkiniruhusu kunusa, nitawaambia ninachokiona." Tukamruhusu. Hivyo ndivyo kikao cha waonjaji kilivyopata mwenzao asiyeonja.

Pua yake ilikuwa kazi yake. Kwa umri wake wote wa nguvu alikuwa akinusa mawese kwa ajili ya mfanyabiashara mmoja. Watu waliteremsha madumu yao kutoka vijijini, yeye akafungua kila moja, akainama, akasema: haya yana maji, haya yameungua chini ya sufuria, haya ni mazuri lakini yamechanganywa na ya msimu uliopita. Mnunuzi alimsikiliza na muuzaji hakubishana. Wapo akina mama waliokuwa wakimletea mafuta yao kabla ya kuyapeleka sokoni, wasiaibike. Kisha mfanyabiashara yule akazeeka, watoto wake wakashika kazi, na utaratibu ukabadilika: mafuta yote, mazuri kwa mabaya, yanamwagwa kwenye tangi moja na kwenda mbali kusafishwa mpaka yasinuke chochote. Hakufukuzwa, maana walimpa kiti pale dukani akae. Alikaa miezi miwili hakuna dumu lililofunguliwa mbele yake, akainuka siku moja akaaga. Nimewaona wengi wa namna hiyo katika mji wetu, mafundi ambao kazi yao imeondoka na kuwaachia ufundi wote mikononi, na hatuna tunalowaambia zaidi ya "pumzika sasa, mzee." Tunadhani tunawapa zawadi.

Wala msidhani alikaa nasi kwa moyo mwepesi. Alijua vizuri dini yake inasema nini juu ya kukaa palipo na pombe, na alijua mtaani kwake wanasema nini. Kigoda chake alikiweka mbali kidogo na chetu, na jua likianza kuwa jekundu aliaga ili awahi magharibi. Nilimuuliza siku moja, tukiwa wawili tu, kwa nini basi anakuja. Alichezea kofia yake kwanza. "Mwandishi," akasema, "miaka yote nilikuwa naamka asubuhi kuna watu wananingoja niseme neno. Sasa naamka hakuna anayeningoja. Hapa mnaningoja. Mola wangu nitajieleza kwake mwenyewe, na najua nina la kujibu."

Na kweli tulimngoja. Kuna Jumamosi fundi alipata chupa ya mvinyo wa matufaha, ameletewa na mteja wake kutoka Njombe. Wengi wetu tufaha tulikuwa tumeliona dukani tu, limekauka na kusinyaa kwa safari. Tulionja wote, tukasema ni tamu, tukasema ni kali kidogo, tukaishiwa. Marehemu alikishika kikombe, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu hata nikadhani amesinzia. Ziwa lilikuwa limetulia, na mtumbwi mmoja ulikuwa unapita bila sauti. "Hili tunda limekua mahali ambapo asubuhi watu wanavaa makoti," akasema mwishowe, polepole, kama mtu anayesimulia ndoto kabla haijamtoka. "Kuna ukungu hapo. Na kabla ya kukamuliwa, limelala ghala moja na vitunguu." Fundi alitoa simu pale pale akampigia mteja wake, akaweka sauti ya juu tusikie wote. Yule bwana akauliza nani amemwambia habari za ghala la vitunguu la mama yake. Jioni ile hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Ilikuwa masika ya mwaka jana alipougua mafua makali, akalala karibu wiki tatu. Alirudi amekonda lakini mchangamfu, akakaa kwenye kigoda chake, na mambo yakaendelea. Sasa nikikumbuka naona yalikuwa yamebadilika. Alikuwa na maswali mengi kabla ya kunusa: mama, mtama wako wa kuchachushia wiki hii ulipata jua? Fundi, asali hii ni ya yule bwana wa zamani au umebadilisha? Kisha huinua kikombe puani, hufumba macho, na husema jambo fupi, na jambo lile lilikuwa sahihi. Hatukushuku kitu. Nani angeshuku?

Kisha ikaja Jumamosi ya kidumu. Marehemu alikuwa amechoka kuja mikono mitupu. "Kila wiki nanusa vya wenzangu," akasema, "na mimi nina changu." Marehemu mkewe, mama wa binti yule, kila mwezi wa Ramadhani alikuwa akichemsha maganda ya nanasi na tangawizi na karafuu kidogo, yakipoa wanafuturia, na yeye alitaka tukionje kinywaji hicho, ambacho hakina pombe hata chembe. Hakuwa na chombo, akaazima kidumu kwa mama wa Rusimbi. Mama akampa kilichokuwa karibu, kilichotoka kumwagwa urwarwa, akamwambia akioshe kwa maji ya moto, maana humo chini hubaki ukoko unaochachusha chochote utakachotia. Yeye, nyumbani, alikiosha kwa maji ya baridi, kisha akafanya alivyozoea kufanya maisha yake yote: akakiinua, akakinusa, aone kama kimetakata. Pua haikumwambia kitu, naye akadhani ni kisafi. Akakijaza Alhamisi jioni, akakifunga kwa nguvu, akakiweka dirishani kwenye jua.

Jumamosi alikifungua mbele yetu, kikatoa mlio. Fundi alicheka, akasema kinywaji kimefurahi kutuona. Marehemu alimimina kikombe cha kwanza kwa ajili ya mama, na mama, kama kawaida, akasema, "Kunywa kwanza, mzee." Nilimwona uso wake ukifunguka. Kwa miaka yote ile alikuwa hajawahi kuambiwa maneno hayo pale. Alikipeleka kikombe puani kwa mazoea, sote tukiwa tunamtazama, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanywa funda moja kubwa. "Tangawizi imekolea," akasema. Akammiminia mama. Mama alikifikisha kikombe mdomoni akasimama hapo hapo. Fundi, ambaye alishajihudumia, akapiga kelele ya furaha, "Mzee! Leo umehamia kwetu!" Kisha akauona uso wa mama, akakishusha kikombe chake.

Povu lilisikika likipasuka vikombeni. Marehemu alitutazama mmoja mmoja, akaelewa. Na mimi nikaelewa jambo jingine, nikaogopa: mtu aliyetambua ghala la vitunguu la Njombe amekinusa kikombe cha pombe na kukinywa. Alikuwa na njia mbili tu. Angeweza kucheka, akasema alijua, kwamba leo ameamua kuonja. Tungemwamini, pua yake ingebaki na heshima yake, na ahadi yake kwa mama yake na kwa Mola wake ingekwisha mbele ya macho yetu. Au angeweza kusema hakujua. Hakuna aliyemuuliza. Aliweka kikombe chini taratibu, akateremka mpaka ziwani, akachuchumaa na kanzu yake ikilowa, akasukutua, akatema, akasukutua tena, mara nyingi sana. Alirudi ndevu zikidondosha maji.

"Pua yangu imekufa tangu masika," akasema. "Sisikii harufu yoyote. Hata hao dagaa wenu siwasikii. Sikujua kama ni pombe. Wallahi sikujua."

"Na yale uliyokuwa ukituambia?" fundi akauliza, kwa sauti ndogo.

"Nilikuwa nawaangalia nyie."

Akakiinamisha kidumu, akamwaga kinywaji cha mkewe chote kwenye majani. Mama alinyoosha mkono apewe chombo chake, yeye akakataa. "Nitakirudisha kikiacha harufu," akasema, akaondoka, jua likiwa bado juu.

Jumamosi mbili hakuonekana. Ya tatu, mama alimtuma fundi aende Ujiji amwambie kwamba kigoda chake hakuna anayekikalia na kinatuzuia kupita. Akaja. Alikaa kwa aibu, mikono mapajani, kama mgeni aliyefika kabla ya wenyeji kuoga. Mama akamimina urwarwa, akaonja kwanza, na badala ya kumpa kikombe akamgeukia. "Leo," akasema, "inanuka..." Akatafuta neno. Akaonja tena. "Mana yanje, Mungu wangu. Inanuka jiko la bibi yangu, mvua ikiwa imevuja kwenye majivu." Marehemu akafumba macho. Nilimwona akienda huko. "Endelea," akasema. "Bibi yuko jikoni?"

Toka siku hiyo ikawa kazi yetu. Mwaka mzima tulimnusia. Hapo ndipo nilipogundua, mimi mwenye safu, kwamba katika jambo nililolipenda kuliko yote nilikuwa na maneno matatu: tamu, kali, chachu. Hakukubali. "Kali ya namna gani? Ya kisu au ya jua?" Fundi alijifunza kusema kwamba wanzuki yake ya mwezi fulani ilikuwa na harufu ya kitambaa kipya kinapopigwa pasi. Kuhusu mvinyo wangu wa nanasi, mama alitangaza kwamba unanuka ofisi iliyofungwa Ijumaa ikafunguliwa Jumatatu, na marehemu akacheka hadi kofia ikaanguka. Nilidhani tunamfanyia hisani. Ilinichukua muda kuona kwamba alikuwa bado kazini, anafungua madumu moja baada ya jingine, na madumu yenyewe ni sisi.

Na kila Jumamosi mama alimuuliza, "Kidumu changu?" Naye alijibu, "Bado kinanuka." Sisi tulicheka. Hata mara moja hakuna kati yetu aliyejiuliza mtu yule alijuaje. Nimekuja kujua wiki hii, kidumu kikiwa mbele yangu. Hakujua. Alikuwa akikiosha, na hakuwa na njia ya kutambua kama kimetakata, na nyumbani palikuwa na pua nzima, kijana, ya mtu anayempenda, ambayo hakuthubutu kuiomba. Ingembidi aseme kwanza kimetoka wapi. Basi akakiosha tena, akakirudisha uvunguni.

Kwa hiyo, mwanangu. Sijui kama unaisoma safu hii sasa ambapo huna wa kumsomea, lakini jibu lako ni hili. Baba yako alikunywa mara moja, funda moja, akidhani ni kinywaji cha mama yako. Alipojua, alikuwa na nafasi ya kuokoa sifa iliyompa kiti katika dunia hii, akaiachia mwenyewe mbele ya watu watatu, ili aweze kusema kweli juu ya lile funda. Hayo ndiyo niliyopaswa kukwambia mlangoni. Na wewe, mzee uliyenishika bega makaburini, mawese yalikuwa uongo. Tulijuana na marehemu kwa walevi wa Bangwe, na kwa miaka yote hiyo yeye ndiye peke yake ambaye hakuwahi kuhitaji kuelezea alikuwa na hali gani wakati wa kwenda nyumbani. Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba aliyekufa hatetewi kwa kusifiwa. Anatetewa kwa kusimuliwa yote, pamoja na lile linalotutia aibu, na anayejua akanyamaza amewaachia watu wa mtaa wasimulie wao.

Jana nilikifungua kidumu. Pombe ipo, hukukosea. Lakini nadhani ulikinusa kwa uchungu, na mara moja tu, na baba yako alitufundisha kungoja. Ukingoja kidogo, chini ya pombe kuna ndimu. Ukingoja tena, kuna majivu, na sabuni ya mche, na ndimu nyingine, ya siku nyingine. Nilimpelekea mama wa Rusimbi akathibitisha, yeye akasikia na chumvi. Amekataa kukichukua mpaka uje wewe. Ni Jumamosi, baada ya alasiri, nyuma ya nyumba ya fundi. Hutapewa kikombe, utapewa kigoda cha baba yako, tukinuse pamoja. Gunzi nimelirudisha mahali pake na nimelikaza, isije ndimu ikaisha kabla hujafika.